Spika za Nyuma za Afande

Kazi yangu ni waya. Wengine huniita fundi wa redio, wengine fundi wa muziki, na jirani yangu fundi wa viti, ambaye mdomo wake sijawahi kuuona umefungwa, huniita Mama Stima. Nimezaliwa Mombasa, ufundi nikaupata Mombasa, na mwaka huu ni wa ishirini niko Kampala, hapa Kisugu, chini ya mabati yangu manne, mbele ya uwanja wa udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unageuka uji. Zamani watu walikuwa wakisimama kumtazama mwanamke anayefunga redio za magari. Siku hizi wanasimama nikikasirika tu, na hiyo, sisemi uongo, hawaikosi.

Kabla sijafika mbali, nieleze jambo la betri. Spika ina ncha mbili, chanya na hasi. Ukifunga spika mbili na mojawapo umeigeuza, zote zitalia. Hutaona moshi, hutasikia mkwaruzo. Lakini moja itakuwa inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta, na sauti nzito zitamezana humo humo katikati ya gari mpaka zipotee. Zitabaki zile nyembamba. Kwa hiyo aliyenifundisha kazi, mzee mmoja wa Changamwe ambaye vidole vyake vyote vilikuwa na makovu ya solda, alinizoesha hivi: kabla hujafunga spika, chukua betri ya tochi, igusishe kwenye ncha zake, kisha tazama ile karatasi ya mbele. Ikiruka nje, funga. Ikizama ndani, geuza waya. Ni kitendo cha kufumba na kufumbua. Nimekifanya kwa magari nisiyoweza kuyahesabu, na nikakikosa kwa gari moja tu.

Gari lenyewe lilikuwa la spoti, na lo, lilikuwa la kuchekesha kwa mtu yule. Milango miwili, jekundu lililopauka kwenye boneti, liko chini hivi kwamba likipita tuta linakwaruza tumbo. Liliingia uwanjani kwangu Jumatatu moja asubuhi likinguruma, likazimika, mlango ukafunguka. Ukatoka mguu mmoja mrefu. Tukasubiri. Ukatoka wa pili. Kisha mkono ukashika paa, na mwishowe akatoka mwenye miguu yake, mzee wa miaka sabini na kitu, mrefu, mnyoofu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mistari ya mikono inaonekana. Askari polisi mstaafu, mtu wa kaskazini, anakaa Kyebando. Nilimwamkia shikamoo kwa mazoea ya kwetu, naye akanijibu "Jambo, fundi," kama wanavyojibu askari wa huku. Tangu siku hiyo nikamwita Afande.

"Afande," fundi wa viti akadakia kutoka kwenye kibanda chake, sindano mdomoni, "hii gari si ya vijana?"

"Nimetembea na mguu miaka thelathini," mzee akamjibu bila kugeuka. "Sasa nakaa. Na nakaa mbio."

Tulicheka sote. Nilimpenda papo hapo, na hilo nalisema kwa sababu yanayofuata hayatanionyesha hivyo.

Alifungua buti akatoa spika mbili za duara refu, kubwa, za Kijapani, zimefungwa kwa taulo. Zilikuwa za zamani lakini karatasi zake mpya. Kuna mtu mjini anayefufua spika zilizokufa, anazisuka upya koili, ule waya mwembamba wa ndani, na kuzibandika karatasi, na kazi yake inaonekana safi.

"Nataka uweke hii nyuma. Zote mbili. Ile ya mbele uzime kabisa."

Nikadhani sikusikia. "Za mbele nizizime?"

"Zima."

"Afande, muziki unatoka mbele. Hata redio ya nyumbani unaiweka mbele yako. Nani anakwenda kusikiliza bendi akaipa mgongo?"

"Iko mtu mmoja," akasema. "Ni mimi."

Akavuta kigoda, akakaa, akanieleza. Alikuwa polisi, lakini upande wa bendi, na katika bendi alikuwa yule anayetangulia na fimbo ndefu yenye kichwa cha kung'aa, anayeirusha na kuidaka, na bendi nzima inafuata mkono wake. Miaka thelathini hakuwahi kuiona bendi yake ikipiga gwaride. Aliisikia tu, hapa, na akajigusa kisogoni. Na katika yote yale, matarumbeta na filimbi na ngoma ndogo, yeye alikuwa anatafuta kitu kimoja, ngoma kubwa. Mguu wa kushoto unaanguka pamoja na ngoma kubwa. Kiongozi asiyeisikia atakwenda njia yake na bendi itakwenda yake.

Walipostaafu, wenzake waliobaki walijikusanya. Kila Jumamosi asubuhi wanakutana kwenye uwanja mmoja wa Luzira, karibu na bandari ya Port Bell, wanapiga kwa ajili ya miili yao na mioyo yao, na mwenzao akifariki wanampigia hadi kaburini. Fimbo ilikuwa kwake. Lakini miezi ya karibuni alikuwa na wasiwasi na masikio. Nyumbani mkewe anamwambia redio iko juu. Uwanjani mara mbili alihisi mguu umechelewa. Wenzake hawakusema kitu, na hilo ndilo lililomwuma zaidi.

"Wale hawawezi kuniambia," alisema. "Wananiheshimu. Daktari ataniambia iko umri. Mimi nataka kusikia mwenyewe, nimekaa, ngoma inatoka nyuma. Kama naisikia, naendelea na fimbo. Kama haiko, naitoa."

"Si unaitoa, halafu ukipona unaichukua?"

"Hapana. Fimbo ya sisi ikitoka kwa mkono hairudi. Ikirudi, kesho kila mtu ataidai ya kwake. Aliyeitoa anaenda mstari ya mwisho, nyuma ya matoazi, anatembea huko mpaka afe."

Yote haya aliniambia. Siwezi kusema sikujua. Alikaa kwenye kigoda changu akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba gari lile litamwamulia maisha yake, na mimi nilikuwa nashughulika na jambo jingine: aibu yangu. Niliwaza, mtu atafungua gari hili kesho, atakuta za mbele zimekufa na za nyuma ndizo zinalia, atauliza nani kafunga upuuzi huu, na ataambiwa ni yule mwanamke wa Kisugu. Ndiyo maana nilishika bisibisi nikiwa nimevimba.

Nilitoa kiti cha nyuma, ambacho katika magari yale ni jina tu, hata mkoba unakaa kwa taabu. Nikatoa ubao wa plastiki wa kila upande. Kulia, waya zilikuwa zimeliwa. Panya wa Kampala wanapenda waya kuliko mahindi, na ukitaka kuniona nimefurahi, nionyeshe gari ambalo hawajalifikia. Nikavuta waya mpya kutoka kwenye redio, chini ya zulia, kando ya kizingiti cha mlango, hadi nyuma. Redio yenyewe nilikuwa nimeibadilisha, maana ile ya Japani inaishia masafa ambayo huku hayana stesheni, unabaki unasikiliza mvumo. Kila kiungo nilikichoma solda. Nikakivisha tepu nyeusi. Nikazifunga za mbele mdomo, waya zake nikazikunja vizuri nyuma ya redio, maana hata kazi nisiyoipenda siifanyi ovyo.

Hivyo ndivyo nilivyojisifu. Zile spika za taulo nilizitazama alama. Kwenye kila moja palikuwa na kijumlisha kidogo chekundu kwenye ncha moja. Nikafunga chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Tochi ilikuwa imening'inia kwenye msumari, hatua mbili kutoka nilipo. Nakumbuka niliiangalia. Afande alikuwa ananielekeza kitu fulani kuhusu mwendo wa gwaride la mazishi, pole pole, mguu unavutwa, na mimi kichwa kilikuwa kimepata moto, nikasema moyoni, haya basi, alama si ziko, tumalize. Nikakaza skrubu.

Akatoa flashi shingoni, amefungia kwenye kamba ya kitambulisho. Humo mlikuwa na kaseti ya zamani ya bendi yao, iliyohamishwa. Akaingia garini kwa awamu zile zile, akafunga mlango, akaweka mikono miwili kwenye usukani, akatazama mbele. Nikaichomeka flashi, nikaiwasha redio.

Matarumbeta yalitoka nyuma safi kabisa. Ngoma ndogo ukaweza kuhesabu vijiti. Mzee akafumba macho. Nikauona mguu wake wa kushoto umeinuka kidogo juu ya pedeli, ukasubiri. Ukabaki juu. Ukashuka, ukainuka, ukasubiri tena.

"Ngoma kubwa iko wapi?" akauliza.

Nikaingiza kichwa dirishani. Nilisikia muziki. Nilisikia hauna kifua, hilo nalo nilisikia, lakini nikaisingizia kaseti, nikausingizia udogo wa gari, nikazisingizia spika za mbele nilizokatazwa. Kila kitu kilipata lawama ila mkono wangu.

"Inalia, Afande."

"Haiko. Ya kwanza mpaka ya mwisho, haiko."

Aliirudisha mwanzo. Mara tatu. Mara ya nne nikachoka, na mimi nikichoka ulimi unatangulia. Nikampa makavu: "Afande, spika ni nzima, waya ni nzima. Labda masikio ndiyo yamechukua pensheni."

Fundi wa viti alicheka kibandani kwake. Mzee hakucheka, wala hakukasirika. Alizima redio. Akaweka kiganja juu ya sikio moja, kisha la pili, kama mtu anayepapasa mifuko kutafuta funguo.

"Sawa, fundi," akasema. "Nilikuwa nataka mtu aseme."

Akanishukuru, akanguruma, akaenda zake. Nikanunua chapati yangu na mayai, nikala vizuri, nikalala vizuri.

Jumatano alirudi. Mimi nilikuwa chini ya gari la mtu mwingine, nimelala chali juu ya boksi. Nikaona viatu vyake vyeusi vinavyong'aa vikisimama karibu na miguu yangu.

"Fundi. Nimesimama nje ya gari, kwa mlango ya kulia, nikaingiza kichwa nyuma kule. Ngoma iko. Inapiga vizuri. Nikikaa kiti yangu, inaenda. Ni nini?"

Ebo, mtu yeyote wa kazi yangu, hata awe amelewa, angejua ni nini. Ukisogea karibu na spika moja unasikia yake, hakuna wa kuimeza. Ukikaa katikati zinamezana. Jibu lilikuwa limesimama pale limevaa viatu vya kung'aa. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema maneno yangu Jumatatu, na nilikuwa nayaona mazuri.

"Ni sikio moja limeshinda lingine, Afande," nikamjibu kutoka kule chini bila hata kutoa kichwa. "Ukiinama unalisaidia."

Viatu viligeuka. Kisha vikaondoka.

Ijumaa akaja mkewe. Mama mfupi, mnene, mpole, kitenge cha bluu, amepanda pikipiki mbili kutoka Kyebando. Alikuwa amebeba kikopo cha siagi ya karanga na simsim, yaani ufuta, ile ya kwao kaskazini, imesagwa kwa mkono, ukiifungua inanukia nyumba nzima. Akanishika mikono yote miwili.

"Binti yangu, asante. Umemwambia ukweli. Sisi nyumbani tulikuwa tunaogopa. Watoto wanaogopa, marafiki wanaogopa. Wewe ulisema mara moja, na yeye akakubali."

"Amekubali nini, Mama?"

"Kesho anatoa fimbo. Amekwisha piga simu kwa wote." Macho yake yalilowa, lakini alitabasamu. "Ni vizuri. Bora atoe mwenyewe na heshima kuliko siku moja aanguke mbele ya watu. Mungu akubariki."

Nikapokea kikopo. Nilimwambia asijali, ni kazi yetu. Jioni ile nilipaka siagi kwenye muhogo wa kuchemsha nikala mpaka nikalamba kisu.

Jumamosi saa tatu asubuhi, kuna mwenye gari la kukodisha aliniletea spika zake mbili nifunge kwenye milango. Nilikuwa na nafasi, nilikuwa na utulivu, nikachukua tochi kwenye msumari, nikatoa betri, nikagusisha. Ya kwanza karatasi ikaruka nje. Ya pili ikazama ndani.

Nikaitazama alama. Kijumlisha kidogo chekundu, mahali pake. Nikagusisha tena. Ikazama tena.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Mjini," akasema mwenye gari. "Kwa yule anayefufua. Ameisuka hii moja upya."

Ameisuka kinyume, basi, na alama akaiacha pale pale ya zamani. Wallahi! Niliona lile taulo la Afande. Niliona mguu wa kushoto umeinuka juu ya pedeli unasubiri kitu ambacho mimi nilikuwa nimekizika katikati ya gari lake. Nikasikia mwenyewe nikisema maneno ya pensheni, na kicheko cha kibandani, na viatu vikiondoka.

"Mtume!" nikapiga kelele, na fundi wa viti akaangusha mkasi. Nikamwachia uwanja, gari la watu na mwenye gari lake. Nikatia betri na bisibisi kwenye mfuko wa aproni, nikaruka juu ya pikipiki ya kwanza barabarani. "Luzira, uwanja wa karibu na bandari, na usinionee huruma."

Njia nzima kupitia Namuwongo na Bugolobi nilikuwa nahesabu. Wanakutana asubuhi. Asubuhi ni saa ngapi kwa askari? Namba yake ya simu sikuwa nayo, niliandika wapi, sijui. Nilimgombeza dereva wa pikipiki kwa kila gari lililokuwa mbele yetu, hadi akaniambia, "Nnyabo, mama yangu, hizo gari si yangu." Nikarudi kuhesabu.

Nilisikia mabehewa yakigongana bandarini kabla sijauona uwanja. Kisha nikaliona gari jekundu, limeegeshwa kwenye majani, milango yote miwili wazi. Wazee kama kumi na watano wa mashati meupe wamesimama kwa mistari. Mbele yao alisimama mzee mfupi mwenye kitambi, uso umejaa aibu, na fimbo ndefu imo mikononi mwake.

Afande alikuwa mstari wa mwisho, nyuma ya matoazi. Mikono yake ilikuwa mitupu na hakujua aiweke wapi. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni.

Nilivuka uwanja nikiwa na aproni yangu chafu. Sikujua kanuni zao, nikasimama tu katikati, kati ya fimbo na bendi.

"Afande, nimekosa!" Sauti yangu ilitoka kubwa, ya Changamwe. "Masikio yako ni mazima. Spika moja inavuta wakati nyingine inasukuma. Ngoma ilikuwepo, mimi ndiye niliyeipoteza. Kuna kitu tunapima kabla ya kufunga, na mimi sikupima. Kwa kiburi tu. Kisha nikakwambia maneno yale."

Mkewe alikuwa amesimama. Sikuthubutu kumwangalia, maana siagi yake ilikuwa bado tumboni mwangu.

Afande alitoka mstarini, akatembea hadi kwenye gari. "Fungua," akasema.

Nilifungua. Wazee wakaacha mistari yao, wakainama kwenye milango miwili, vichwa vimejaa. Niligusisha betri kwenye spika ya kushoto, karatasi ikaruka nje. Ya kulia nikampa betri yeye mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vimetulia kuliko vyangu. Akagusisha. Ikazama. Akagusisha tena, ikazama, na wazee wakaguna.

"Alama inasema hapa," akasema.

"Alama ni ya zamani. Koili imesukwa upya, kinyume. Ndiyo maana tunapima."

Nikazibadilisha klipu mbili za waya kwenye ncha zake, hii huku, ile kule. Basi. Kazi yote ndiyo hiyo. Nilipomaliza nikaona aibu kwa udogo wake.

Afande akaingia garini, mguu, mguu, kichwa. Akafunga mlango, akaweka mikono kwenye usukani, akawapa wote mgongo. Nikasukuma flashi.

Ilikuja kutoka nyuma. Niliihisi kwenye bati la mlango kabla sijaisikia. Mguu wake wa kushoto ulikuwa juu, na ukaanguka pamoja nayo.

"Iko," akasema. Mguu ukainuka, ukaanguka. "Iko." Tena. "Iko. Iko. Iko." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa kwenye usukani na gwaride lilikuwa halijaisha.

Muziki ulipokwisha, yule mzee mfupi akasogea dirishani na ile fimbo, ameishika kwa mikono miwili, ameilaza. "Afande. Chukua. Hatujapiga hata wimbo mmoja nayo. Chukua."

Afande aliitazama. Nilimwona akitaka. Mkono mmoja ulitoka kwenye usukani, ukafika kwenye ukingo wa dirisha, ukabaki pale.

"Hapana," akasema. "Imeenda."

"Lakini kosa ni langu!" Nilikuwa nalia sasa, bila aibu. "Afande, si kosa lako, ni langu, wote wamesikia!"

"Kosa ni yako, fundi," alisema kwa upole, kama ananieleza mwendo. "Lakini mkono ni yangu. Nimetoa mbele ya watu. Nikiichukua, huyu nitakuwa nimemfanya nini?"

Mzee mfupi alitazama chini. Akarudi mbele na fimbo yake. Mmoja mmoja wakarudi kwenye mistari, na Afande akatoka garini, akajinyoosha, akavuta mikono ya shati, akaenda nyuma ya matoazi. Fimbo ikainuka. Wakapiga. Wakazunguka uwanja mzima, naye akatembea mwisho kabisa, mgongo wima, mguu wa kushoto ukianguka pamoja na ngoma kubwa, haukosei hata hatua moja. Mkewe alikuja akasimama karibu nami. Alinishika mkono kama alivyonishika Ijumaa, na hilo lilikuwa gumu kuliko kama angenizaba kofi.

Nilikuwa narudisha kiti cha nyuma walipomaliza. Afande alikuja akihema, jasho kichwani, akaegemea paa la gari lake dogo.

"Fundi. Ile ya mbele. Bado iko?"

"Zipo, Afande. Nilizikunja tu."

"Basi fungulia." Aliangalia uwanjani, ambako wenzake walikuwa wanapangusa tarumbeta zao. "Miaka yote sijawahi kuona mgongo ya wale watu. Leo ndiyo nimeona. Sasa bendi iko mbele yangu."

Nikatoa ubao wa mlango wa kushoto. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa betri.